Utulivu usiwe adhabu kwa watoto wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie makala mliyoichapa kwenye safu ya malezi, ile iliyowashauri wazazi wawafundishe watoto kutafakari nusu saa kila siku kabla ya kulala. Niliisoma mara mbili. Mwandishi ana nia njema, na jambo analolitetea nami nalifanya nyumbani kwangu. Lakini ile nusu saa, pamoja na ile picha ya mtoto aliyekunja miguu akafumba macho kama sanamu, vimenikosesha raha, kwa sababu najua kitakachotokea katika nyumba nyingi. Mzazi aliyechoka atamwambia mtoto akae kimya atafakari. Mtoto atajikuna, atacheka, atafungua jicho moja. Mzazi atafoka.

Nilifundisha shule ya msingi miaka 34, zaidi madarasa ya chini. Sasa nimestaafu na ninalea wajukuu wawili, wa kike ana miaka 13 na wa kiume ana miaka 6. Kwa miaka yote ile darasani niliutumia ukimya kama fimbo. Darasa likichangamka kupita kiasi nilisema, "Mikono nyuma, vichwa juu ya dawati, sitaki kusikia hata pumzi!" Nayaandika maneno hayo sasa na mkono unakuwa mzito. Watoto walinitii. Waliinama wakabana pumzi kwelikweli, mabega yamepanda mpaka masikioni, nami nikipita katikati ya madawati nikiamini kwamba nimewatuliza. Walikuwa wanaogopa. Kengele ikilia walitoka mlangoni kama maji yaliyovunja kingo.

Ndiyo maana naandika. Utulivu wa aina hii, ambao wengine huuita taamuli, wengine tahajudi, wengine umakinifu, na ambao sisi nyumbani tunauita kutulia tu, haumwingii mtoto kwa amri wala kwa kuongezewa somo jingine jioni. Unamwingia kwa kukaa karibu na mtu mzima anayeufanya, katika mambo yale yale ambayo siku ingekuwa nayo hata bila sisi.

Mjukuu wangu wa kiume alianza kuamka saa nane za usiku baada ya mama yake kupata kazi ya zamu ya usiku. Aliamka akihema kama aliyekimbizwa, ameng'ang'ania shuka kwa mikono miwili. Mimi nikafanya nilichozoea: "Tulia, mjukuu wangu, tulia." Kufikia mara ya kumi sauti yangu mwenyewe ilikuwa imekwisha kuwa kali. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hutusaidia kujizuia na kuyapima mambo, huendelea kukomaa hadi mtu anapokuwa katika miaka ya 20. Mtoto wa miaka 6 aliyejaa hofu usiku wa manane nilikuwa namdai kitu ambacho bado kinajengwa ndani yake.

Usiku mmoja, bila kupanga, niliichukua boti yake ndogo ya plastiki, ile anayoogea nayo, nikaiweka juu ya tumbo lake. Nikamwambia aitazame tu. Boti ilikuwa inarukaruka. "Bahari imechafuka," nikasema. Akaitazama. Nikalala chali kando yake, nikaweka kopo la losheni juu ya tumbo langu ili nami niwe na chombo changu majini. Kopo likawa linapanda na kushuka haraka haraka. Sikuwa nimegundua kwamba na mimi nahema. Tukalala hivyo, sisi wawili, tukitazama vyombo vyetu kwa mwanga wa taa ya ukumbini, na sikumwambia chochote tena. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilisikia akisema, "Bibi, yako bado. Yangu imetulia."

Tangu usiku huo tuna lugha yetu. Asubuhi namuuliza, "Hali ya bahari?" Hujibu shwari, au kuna upepo kidogo, au imechafuka kabisa na boti zote zirudi bandarini. Siku akijibu hivyo simwambii afanye lolote. Najua tu kwamba nisimharakishe kuvaa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yote: mtoto kuweza kutazama ndani, kuona kilichopo, na kukitaja kwa jina bila kukemewa.

Kiswahili chetu kilikwisha kulijua jambo hili kabla ya makala za malezi. Tunasema mtu ameshusha pumzi pale mzigo unapomtoka. Na mwili hufanya hivyo hivyo. Moyo huenda kasi kidogo mtu anapovuta pumzi, na hupunguza mwendo anapoitoa. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na neva ndefu inayotoka kwenye ubongo, ikapita shingoni mpaka kwenye moyo na tumbo, ambayo kwa jina la kitabibu ni neva ya vagasi. Kwa watoto badiliko hilo huwa wazi zaidi kuliko kwetu sisi wazee. Mwekee mtoto vidole vyako kwenye mshipa unaodunda wa kifundo cha mkono, umwache apumue polepole, na unaweza kulisikia. Kwa hiyo mjukuu wangu akihangaika sisisitizi avute pumzi nyingi. Nasimamisha kidole changu mbele ya uso wake, kinakuwa mshumaa, naye anaupuliza moto uiname bila kuzimika. Akipuliza kwa nguvu, mshumaa umezimika, tunauwasha upya. Pumzi inatoka ndefu na nyembamba bila mimi kutoa somo lolote.

Hapa niwaonye wazazi wenzangu juu ya hesabu. Maelekezo mengi yanasema vuta pumzi kwa hesabu ya nne, izuie, itoe kwa hesabu ya sita au nane. Hesabu hizo ni za kifua cha mtu mzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa umri wa kuanza shule hupumua kama mara 18 hadi 25, na aliye mdogo zaidi hupumua haraka kuliko hapo. Nilipomwendesha mjukuu wangu kwa hesabu yangu mimi, alishika shingo akasema, "Bibi, nazama." Sasa anayehesabu ni yeye, mimi namfuata.

Nilijiuliza hiyo nusu saa ya makala imetoka wapi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, alianzisha mafunzo ya wiki 8 kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu sugu na msongo wa mawazo. Walitakiwa kufanya mazoezi nyumbani kama dakika 45 kwa siku. Walikuwa watu wazima, wamekuja kwa miguu yao, wanajua wanachokitafuta. Mengi tunayopewa leo kwa ajili ya watoto yana asili katika mafunzo yale, yakapunguzwa dakika na kupambwa kwa picha za wanyama. Mtoto hajaja kwa miguu yake. Hana maumivu sugu ya mgongo ya kumvumilisha kukaa. Kwa mjukuu wangu dakika mbili ni nyingi, na zipo siku ambazo pumzi tatu zinatosha, tukaendelea na mambo mengine.

Namheshimu zaidi mtawa wa Kibudha wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022 akiwa na miaka 95. Katika kijiji alichokianzisha Ufaransa mwaka 1982, watoto walipokelewa pamoja na wazazi wao, na aliwafundisha kwa kokoto nne. Ya kwanza ni ua, ya pili mlima, ya tatu maji yaliyotulia, ya nne ni anga iliyo wazi. Mtoto anashika kokoto moja, anapumua mara tatu akijiona kuwa kitu hicho, anaiweka chini, anashika nyingine. Yule mzee alielewa kwamba mtoto hufikiri kwa mikono. Ukimwambia mtoto aondoe mawazo kichwani unampa kazi ambayo hata mimi siiwezi. Mpe kokoto.

Najua wapo wasomaji ambao wamekwisha kunja uso kwa kuona neno Budha. Nilikuwa mmoja wao. Ni kweli mbinu nyingi za kuzingatia pumzi zimetokana na mafundisho ya Kibudha, na mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi badala ya kufichwa. Mimi nina dini yangu na wajukuu wanaisali pamoja nami. Kutazama boti ikipanda na kushuka tumboni hakujachukua nafasi ya sala yetu hata siku moja. Kwa kweli mtoto anayesali akiwa amekwisha kushusha pumzi hakimbizi maneno. Anayeona vinginevyo afuate dhamiri yake, nami sitabishana naye.

Nirudi shuleni, kwa sababu nimesikia wanaotaka jambo hili liingizwe kwenye ratiba kama hisabati. Uingereza walilijaribu kwa kiwango kikubwa katika utafiti ulioitwa MYRIAD, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Shule 85 zilihusika, na wanafunzi zaidi ya 8,000 waliokuwa wanaanza elimu ya sekondari. Baadhi ya shule walimu walipewa mafunzo, kisha wakawafundisha wanafunzi umakinifu darasani. Nyingine ziliendelea na vipindi vyao vya kawaida vya stadi za hisia na mahusiano. Waliofundishwa umakinifu hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko wenzao, na wengi wao hawakuyafanya mazoezi nyumbani. Watafiti walitoa tahadhari kwamba kwa watoto waliokwisha kuwa na dalili za matatizo ya afya ya akili, mafunzo ya jumla ya namna hiyo huenda yasifae. Lakini liko jambo moja katika matokeo yale ambalo kama mwalimu lilinigusa: walimu wenyewe, waliojifunza kwanza kwa ajili yao, uchovu wao wa kazi ulipungua, na hali ya shule ikawa bora, ingawa nafuu hiyo kwa sehemu kubwa haikudumu mwaka.

Nililitafakari hilo siku nyingi. Kama ningejifunza kushusha pumzi zangu mimi kabla ya kuingia darasani, wale watoto wangepata nini? Wahenga walisema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina. Mimi niliwataka watazame ubao.

Mwezi uliopita nilikuwa nabishana na mtu kwenye simu kuhusu fedha nilizokuwa namdai. Nilikuwa nimesimama, nimepandisha sauti. Mjukuu wangu alitoka chumbani, akaweka boti mezani mbele yangu, akasema polepole, "Bibi, bahari imechafuka." Nilichotaka kumjibu mwanzo ni kwamba watoto hawaingilii mazungumzo ya wakubwa. Nilifungua hata mdomo. Kisha nikaiona ile boti. Nikamwambia mtu wa kwenye simu nitampigia kesho, nikakaa kitini, nikashusha pumzi, naye akakaa karibu yangu akaendelea kuchezea kamba za viatu vyake. Sikumfundisha afanye vile. Alikuwa ananifanyia ninachomfanyia.

Sisi wakubwa tunadhani watoto ndio wasiotulia. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti ambao watu wazima 2,250 waliulizwa kupitia simu zao, saa yoyote ile mchana, wanafanya nini na wanawaza nini. Kwa karibu asilimia 47 ya nyakati hizo mawazo yao hayakuwa kwenye jambo walilokuwa wakilifanya. Na furaha yao ilikuwa pungufu pale mawazo yalipokuwa kwingine. Namvalisha mjukuu wangu viatu huku nawaza bili. Yeye anatazama mdudu anayetembea ukutani. Kati yetu wawili aliyepo pale ni yeye.

Kwa hiyo badala ya nusu saa ya usiku, nawaomba wazazi watazame siku yao ilivyo. Sisi ngazi za kwenda juu tunazipanda kimya, kila mguu na ngazi yake, na tukizungumza katikati tunaanza upya au tunaacha. Akipiga mswaki hufumba macho mwenyewe, kwa kupenda, ili aone kama anaweza kuhesabu meno ya chini kwa kuyasikia tu. Akioga namwambia anipe habari za maji: yanagonga wapi kwanza, yanapita wapi, yanamwacha wapi. Hana habari kwamba anafanya zoezi lenye jina.

Kilicho kipenzi chetu ni glasi. Jioni nagonga ukingo wa glasi kwa kijiko mara moja, tunasikiliza mlio mpaka uishe, na kila mtu ananyanyua mkono pale anapoona umekwisha. Masikio yangu yana miaka 67, na uzee huanza kula sauti nyembamba. Mimi nanyanyua mkono mapema. Yeye bado yuko ndani ya mlio, macho yametazama meza, kinywa wazi kidogo, nami nabaki nikimtazama akisikia kitu ambacho kwangu kimekwisha. Sina jinsi ya kuueleza ukimya wa sekunde zile. Ningekuwa na glasi na kijiko darasani miaka ile!

Kuhusu programu za simu zinazosomea watoto maneno ya kulaza, nasema kwa kifupi: sauti inaweza kuwa nzuri, lakini simu iliyoingia kitandani haitoki kirahisi, na mtoto aliyeamka saa nane za usiku anahitaji mtu.

Yako mambo mawili ambayo makala haikuyagusa, nami siwezi kuyaacha. La kwanza ni macho. Tusimlazimishe mtoto kufumba macho. Nilikuwa na mwanafunzi, wa kwao kulikokuwa na vurugu, ambaye katika ile adhabu yangu ya vichwa juu ya dawati hakuwahi kulaza kichwa. Alikaa wima, macho mlangoni. Nilimwona mkaidi, nikamsimamisha pembeni zaidi ya mara moja. Ilinichukua miaka mingi, na nimekwisha kustaafu, kufahamu kwamba alikuwa analinda mlango. Kuna watoto ambao giza la ndani ya macho ndilo linalowatisha kuliko yote. Waacheni watazame sakafu, au boti, au dirisha. Na mtoto ambaye hofu yake haimwachi wiki baada ya wiki, halali, hali, apelekwe kwa mtaalamu wa afya. Hilo si la bibi na kopo la losheni.

La pili ni kutumia utulivu kumnyamazisha mtoto mwenye haki ya kulia. Siku moja mjukuu wangu alirudi amekasirika, mwenzake amechana mchoro wake alioufanya siku mbili. Nikakimbilia boti. Aliipokea akaitupa ukutani. Ikavunjika mlingoti. Nilikaribia kumwadhibu, kisha nikaona kwamba amenijibu sawasawa. Hakuwa anahitaji bahari shwari wakati ule, alihitaji nimsikilize habari ya mchoro wake mpaka mwisho: ulikuwa wa nini, rangi gani, nani alichana, alisema nini alipouchana. Alisimulia muda mrefu. Alipomaliza alishusha pumzi mwenyewe. Mtoto anayeonewa, mgonjwa, au aliyefiwa, hasara yake ni ya kweli, na kumwambia apumue kabla hajasikilizwa ni kumfungia nje. Boti tuliifunga gundi. Bado inaelea, imeinama upande mmoja.

Mwisho, Mhariri, nakiri kwamba yote haya ni ya mtoto wa miaka 6. Dada yake mwenye miaka 13 hataki kusikia habari ya boti wala glasi. Niliwahi kumkaribisha, akasema ni mambo ya watoto, nami sikumrudia. Nimeona tu kwamba anapochora, na huchora kila siku, penseli inakwenda polepole kuliko kitu kingine chochote anachofanya, na nikipita nyuma yake sasa napunguza kishindo cha viatu. Juzi tulipogonga glasi mkono wake ulinyanyuka kutoka upande wa pili wa chumba, bila yeye kugeuka. Hakusema neno, nasi hatukusema.

Nawaomba mrudie mada hii, na safari ijayo mtafute wazazi na walimu wa watoto wa umri wake. Waliopata njia na vijana wa miaka 12 mpaka 16 waandike hapa hapa kwenye ukurasa wa barua. Gazeti nalipata kila Jumamosi na nitawasoma.

Wenu,
Mwalimu mstaafu na bibi wa wajukuu wawili